Semboja wa Mazinde: mtawala aliyehesabu mali kwa doti na kete

Ukienda sokoni Lushoto siku ya gulio ukauliza bei ya khanga, muuzaji atakutajia bei ya doti. Mwenye duka la vitambaa akiagiza mzigo kutoka Tanga au Dar es Salaam, ataagiza majora. Maneno haya mawili tunayatumia kila siku bila kujiuliza yametoka wapi. Miaka 150 iliyopita, katika njia iliyopita chini ya milima yetu, doti na jora havikuwa vipimo vya nguo tu. Vilikuwa hesabu ya pesa.

Wapo watu wanaokusanya sarafu za zamani, na miongoni mwao wapo wanaopenda zaidi pesa ambazo hazikutengenezwa kwa madini: kauri, shanga, vitambaa, noti za dharura, vyeti na kadi za kazi. Mara nyingi huzitafuta mbali, Afrika Magharibi au visiwa vya bahari ya Pasifiki. Lakini hapa kwetu Usambara aliishi mtu ambaye maisha yake yote yalijengwa juu ya pesa ya aina hiyo, ikampandisha, na mwisho ikaigharimu milima hii kiasi ambacho wazee bado wanakizungumzia. Mtu huyo ni Semboja wa Mazinde, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai.

Makala hii inasimulia maisha yake kwa kufuata mali aliyokuwa akiihesabu.

Mtoto wa Vuga

Semboja alizaliwa katika ukoo wa Wakilindi, uliotawala Usambara tangu siku za Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu. Makao makuu ya ufalme yalikuwa Vuga. Aliyekaa Vuga aliitwa Simba Mwene, na watawala wa sehemu nyingine za milima walikuwa watoto wake au ndugu zake.

Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kwa muda mrefu sana, kuanzia takriban mwaka 1815 hadi alipofariki mwaka 1862. Wakati wake nguvu za Vuga zilivuka milima zikafika Bonde na hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Mwaka 1857 walifika Richard Burton na John Speke, kabla ya safari yao ya kwenda Ziwa Tanganyika. Wageni wote hao walimkuta mfalme ambaye neno lake lilisikika mbali.

Utajiri wa Kimweri ulikuwa wa namna gani? Ulikuwa ng'ombe na mbuzi waliotolewa kama kodi, chakula, kazi za mikono ya watu, na pembe za ndovu waliouawa katika nchi yake. Mali hiyo ilikuwa na tabia moja muhimu: ilizunguka. Ng'ombe waliopanda Vuga walichinjiwa wageni, wakagawiwa watoto wa mfalme na wakuu wake, wakalipia harusi, wakasaidia wenye njaa. Mfalme alitegemewa pia kwa mvua. Washambaa wana msemo wa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mtu alitoa kodi kwa sababu aliamini kwamba mfalme aliyeshiba ataiponya nchi. Watawala wawili wakigombana, kila mmoja akitaka kuonyesha kwamba mvua ni yake, nchi huharibika.

Semboja alikulia katika utaratibu huo. Lakini alipokuwa mtu mzima alichagua kukaa mahali ambapo mali ya aina nyingine kabisa ilikuwa ikipita.

Kushuka Mazinde

Msomaji anayesafiri kwa basi kutoka Mombo kuelekea Same hupita Mazinde. Kulia ni ukuta wa milima, kushoto ni tambarare kavu na mashamba ya mkonge. Mtu wa milimani anaona joto na vumbi tu. Semboja aliona barabara.

Wakati huo misafara ya biashara iliondoka Pangani ikafuata bonde la mto Ruvu, ambao wengi huuita mto Pangani, ikapita karibu na Korogwe, ikafika Mazinde, ikaendelea hadi Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Ilipanda na nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Ilishuka na pembe za ndovu na, mara nyingi, watu waliofungwa.

Msafara mkubwa uliweza kuwa na mamia ya wapagazi. Watu hao wanahitaji kula kila siku. Baada ya Mazinde chakula kilikuwa haba, maana mbele kulikuwa na nyika. Milima ilikuwa na ndizi, mahindi, maharage na tumbaku. Aliyekaa Mazinde alishika mlango. Aliweza kuwauzia wapagazi chakula cha milimani, kutoza hongo kwa kila msafara, na kununua pembe kabla hazijafika pwani. Vyote hivyo vililipwa kwa nguo na shanga.

Semboja akajenga makao yake hapo, nje ya milima ambayo ndiyo iliyokuwa moyo wa ufalme. Alizungumza Kiswahili, alivaa mavazi ya pwani, akawapokea Waarabu na Waswahili kama watu wa nyumbani. Kwa watu wa Vuga, ambako kila jambo lilikuwa na mila yake, mtawala wa namna hiyo alikuwa kitu kipya.

Jinsi nguo ilivyokuwa pesa

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana bila kuielewa pesa hii huwezi kuyaelewa maisha ya Semboja.

Nguo iliyotamba zaidi iliitwa merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito na imara, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa meli, na mwaka 1833 Marekani na Seyyid Said wa Unguja walitiliana sahihi mkataba wa biashara. Jina la nchi likawa jina la nguo. Pamoja nayo kulikuwa na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyotoka India, na vitambaa vingine vya rangi kwa ajili ya wakuu.

Nguo ilipimwa kwa mwili wa binadamu. Mkono mmoja ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, au upande. Shuka mbili, yaani mikono minane, ni doti. Juu ya doti kuna jora, lile furushi zima kama lilivyotoka kiwandani. Ilikuwa ngazi ya pesa kamili, kama tunavyosema leo shilingi mia, elfu na elfu kumi. Posho ya mpagazi ilihesabiwa kwa mikono, hongo ya mtawala kwa doti na majora.

Kwa biashara ndogondogo, nguo ilikuwa kubwa mno. Huwezi kununua mkungu mmoja wa ndizi kwa doti nzima, na ukiikata nguo vipande vidogo thamani yake inapotea, kwa sababu kipande kisichoweza kuvaliwa hakitakiwi na mtu. Hapo ndipo shanga zilipoingia. Nyingi zilitengenezwa kwa kioo huko Venice, Italia. Zilitungwa kwenye nyuzi, na uzi mmoja wa kipimo kinachojulikana uliitwa kete. Kete kumi zilifungwa pamoja zikawa fundo. Neno kete, kama tunavyojua, ni jina la kauri pia, ile simbi ndogo ya baharini ambayo Buganda na sehemu nyingi za Afrika Magharibi ilikuwa pesa yenyewe.

Ubaya wa shanga ulikuwa kwamba zilifuata mitindo. Burton alieleza kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 katika biashara ya bara. Nyekundu zilizoitwa samesame zilipendwa sehemu nyingi, lakini kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa wake, na mapenzi hayo yaliweza kubadilika katika msimu mmoja. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ulikuwa kama msafiri wa leo mwenye noti zilizofutwa. Amebeba mzigo mzito, na hawezi kununua hata kibaba cha unga.

Nguo nayo ilikuwa na udhaifu wake. Ikinyeshewa inaoza. Mchwa huila. Wafanyabiashara wengine waliuza majora mafupi kuliko kipimo, au nguo nyepesi iliyojazwa wanga ili ionekane nzito, na ikifuliwa mara moja wanga wote unakwenda na maji. Kwa hiyo wapokeaji walijifunza kuipima kwa mkono, kuinusa na kuivuta. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipopunguza merikani halisi, nguo za Uingereza na India zilichukua nafasi yake, na wanunuzi wa bara walijua tofauti. Anayedhani kwamba watu wa bara walidanganywa kwa vitu vya kuchezea hajaielewa biashara hii. Walijua walichokitaka na walikikataa kibovu.

Lakini kuna tofauti moja kati ya pesa hii na ng'ombe wa Kimweri, na ndiyo inayobeba kisa chetu. Ng'ombe alizaliwa hapa hapa. Nguo na shanga zilitoka nje, na ili ziendelee kuja, lazima kitu kiendelee kutoka.

Vita vya kurithi

Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Aliyerithi hakuwa Semboja wala mtoto mwingine wa mfalme. Alikuwa mjukuu, Shekulwavu, kijana ambaye baba yake alikuwa amefariki kabla ya kuupata ufalme. Kwa mujibu wa mila, wajomba na baba wadogo wote wa ukoo walipaswa kumtii kijana huyo kama baba.

Kwenye karatasi, kama tungesema leo, Shekulwavu alikuwa na kila kitu. Alikuwa na Vuga, mila, heshima ya jina na ng'ombe wa kodi. Semboja alikuwa na njia ya misafara. Ng'ombe hawezi kubadilishwa kwa urahisi kuwa bunduki pwani. Nguo na pembe zinaweza. Wakati huo Pangani ilijaa gumegume, bunduki za zamani zilizouzwa kwa bei nafuu kwa sababu majeshi ya Ulaya yalikuwa yakinunua mpya. Kila msafara uliolipa hongo Mazinde uliongeza nguvu za mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mfalme.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alimshambulia Shekulwavu akitumia pia wapiganaji kutoka nje ya ufalme, wakiwemo Wataita. Vuga ikaanguka. Shekulwavu alikimbilia mashariki na kufariki baada ya muda si mrefu, na ndugu zake wakaendeleza vita kutoka huko. Wakati huo huo Wabondei, waliokuwa wamechoshwa na watawala wa Kilindi, waliinuka na kuwafukuza katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Ufalme ambao Kimweri aliuunganisha kwa karibu nusu karne ulivunjika ndani ya miaka isiyofika kumi.

Kisha Semboja akafanya jambo ambalo linaonyesha vizuri kuliko jingine lolote alivyoona mali na madaraka. Alikuwa ameshinda. Kiti cha Vuga kilikuwa wazi mbele yake. Hakukikalia. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, ambaye bado alikuwa mdogo, yeye mwenyewe akabaki Mazinde kwenye joto na vumbi. Baba yake angeona kwamba mwanawe ameacha ufalme ili awe mfanyabiashara. Semboja aliona kwamba ufalme umehama. Mwenye kupokea nguo ndiye mwenye kupokea bunduki, na mwenye bunduki ndiye anayeamua nani akae Vuga.

Bei ya mtu

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu ya maisha haya, na hatuwezi kuiruka.

Vita havikwisha. Kila upande ulihitaji baruti na risasi. Vililipiwa kwa nini? Ndovu wa karibu walikuwa wameanza kuisha, na pembe zilipaswa kutoka mbali zaidi kila mwaka. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho milima ilikuwa nacho kwa wingi na ambacho pwani ilikinunua bila kuchoka. Kitu hicho kilikuwa watu.

Zamani mtu aliyeshindwa kulipa faini au aliyekamatwa vitani aliweza kukombolewa na ukoo wake kwa ng'ombe au mbuzi, au akakaa kwa mtawala kama mtu wa nyumba yake. Aliendelea kuwa ndani ya nchi. Katika miaka ya 1870 na 1880 faini ndogo iliweza kuishia Pangani. Watawala wadogo nao waliiga, kwa sababu asiyekuwa na bunduki angekamatwa na mwenye nazo. Watoto na wanawake walichukuliwa kwenye mashamba na visimani. Vijiji vilihamia sehemu za kujificha, watu wakaacha kulima mbali na nyumba zao.

Mikataba iliyotiwa sahihi Unguja haikuisaidia sana milima hii. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Mwaka 1876 alikataza pia misafara ya watumwa kutoka bara kufika pwani. Lakini mashamba ya miwa ya Pangani yalikuwa yakikua, na ya karafuu ya Pemba yalitaka watu. Usiku, kwa majahazi madogo, safari kutoka Pangani au Tanga kwenda Pemba haikuwa ndefu. Sheria ilikuwa Unguja, soko lilikuwa karibu.

Hapo ndipo tunapoiona pesa hii ikiwa uchi. Jora la merikani lilianza kama malipo ya ndizi na pembe. Likawa malipo ya bunduki. Mwisho likawa malipo ya mtoto wa jirani. Nguo yenyewe haikubadilika, ilikuwa pamba ileile ya mikono minane kwa doti. Kilichobadilika ni kile kilichobaki cha kuibadilisha nayo.

Si haki kumtwika Semboja peke yake mzigo wote. Wapinzani wake walifanya vilevile, wafanyabiashara wa pwani walikopesha na kuchochea, na viwanda vya Ulaya na Marekani vilipata faida bila kuuona uso wa aliyeuzwa. Lakini yeye ndiye aliyeshika mlango, na mlango huo ulipitisha watu wake mwenyewe. Kwa kipimo cha Washambaa wenyewe, hiyo ndiyo kubana shi.

Wageni wenye bendera

Mwaka 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kupandisha bendera yake Pangani na kutoza ushuru, watu wa pwani waliinuka chini ya Abushiri bin Salim. Wakati huohuo Hans Meyer na Oscar Baumann walikuwa safarini Usambara. Wapagazi wao wengi walitoroka, mali za msafara zikapotea, na Semboja akatajwa kuwa miongoni mwa waliozichukua. Wazungu hao wawili walipojaribu kurudi pwani walikamatwa na watu wa Abushiri, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000. Meyer alirudi mwaka uliofuata kwa njia nyingine akafika kilele cha Kibo, na ndiyo maana jina lake linajulikana zaidi kuliko kisa hiki.

Angalia fidia ile ilivyohesabiwa. Si kwa doti, si kwa fundo la shanga. Kwa rupia, yaani fedha. Dunia ya Semboja ilikuwa inabadilisha pesa yake.

Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Semboja hakupigana hadi mwisho. Alikuwa amezoea kupima nguvu za kila anayepita Mazinde, akajua kwamba hawa hawatozwi hongo. Akakubali bendera ya Kijerumani, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani waliweka kituo chao Mazinde penyewe. Walichagua mahali pale kwa sababu ileile iliyomfanya yeye apachague. Ni barabara.

Mwanawe Kimweri Maguvu alifariki mwaka 1893, na mwana mwingine, Mputa, akashika Vuga. Mwaka 1895 Semboja naye alifariki Mazinde, akiwa mzee. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga Mputa kwa kosa la kumuua mtu aliyemshutumu kwa uhusiano na wake zake. Kwa mila za Vuga mfalme alikuwa na mamlaka ya kuua, na kwa sheria mpya yeye alikuwa raia kama mwingine. Kiti kikarudi kwa nyumba ya Shekulwavu, kwa Kinyashi. Yote ambayo Semboja aliyajenga kwa nguo na baruti hayakumzidi umri hata kwa mwaka mmoja.

Kutoka nguo hadi karatasi

Baada yake pesa ya madini ilipanda milimani kwa nguvu ya serikali. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, pesa za shaba na rupia za fedha. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini lengo lilikuwa sarafu. Makao ya wilaya yakahamia juu, Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto.

Hata hivyo vitu visivyo vya madini havikuacha kutawala maisha ya watu hapa. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal ulianzishwa utaratibu wa kadi. Kila mwanamume Mwafrika alipewa kadi ya karatasi, na kila miezi 4 alitakiwa awe amefanya kazi siku 30 kwa mlowezi wa Kizungu. Asiyejaza kadi aliweza kupelekwa kwenye kazi za serikali kwa nguvu. Mkoa wote wa Tanga baadaye ulilijua neno kipande, kadi ya siku 30 ya shamba la mkonge. Kipande hakikuitwa pesa, lakini bila hicho hukulipwa. Kilikuwa siku za mtu zilizogeuzwa karatasi.

Kisha ikaja vita vya kwanza vya dunia. Meli za Uingereza zilifunga bahari, sarafu na noti kutoka Ujerumani hazikufika, na kuanzia mwaka 1915 serikali ya Kijerumani ilichapa noti za dharura hapa hapa nchini kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Zile za mwisho, za mwaka 1917, zilitengenezwa majeshi yakiwa yanarudi nyuma porini, kwa herufi za mihuri ya mkono. Waingereza walikuwa wameshaichukua Wilhelmstal mwaka 1916. Aliyebaki na noti hizo mfukoni alibaki na karatasi. Leo wakusanyaji wa nchi mbalimbali wanazitafuta na kuzilipia vizuri.

Kilichobaki

Kwa mkusanyaji, pesa ya Semboja ni ngumu kuliko zote. Merikani haikubaki. Ilivaliwa ikachakaa, ikazikwa pamoja na wafu, ikaliwa na mchwa. Hiyo ndiyo tabia yake: ilikuwa pesa ambayo ukiitumia kama kitu inakwisha kama pesa. Kadi za kazi zilitupwa au kuchomwa na waliozichukia.

Shanga ndizo zilizobaki. Kioo hakiozi. Mvua kubwa ikinyesha Usambara na udongo ukateremka, mkulima anaweza kuokota ushanga mdogo mwekundu au wa bluu shambani asijue ni nini. Ikitokea hivyo kwako, usiuharakishe kwenda kwa mnunuzi wa njiani. Andika ulipouokota na lini, kwa sababu ushanga bila mahali ulipotoka ni kioo tu, na ushanga wenye mahali ni ushahidi wa njia, soko au kaburi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo kupeleka habari ofisi ya utamaduni ya wilaya ni wajibu pia.

Na yapo maneno. Tunayo doti, jora, shuka, posho, hongo. Hongo leo ni rushwa, enzi za Semboja ilikuwa ada ya kupita. Posho leo ni ya kikao, wakati ule ilikuwa shibe ya mpagazi.

Habari za ukoo huu ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu aliyefanya kazi karibu na watawala wa Kilindi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza virefu vya historia katika lugha yetu, na anayetaka kumjua Semboja kwa undani aanzie hapo.

Wazee wa milimani bado wanamtaja Kimweri kwa mvua na Semboja kwa bunduki. Wote wawili walikuwa matajiri. Utajiri wa baba ulikuwa ng'ombe, akazaa na kugawiwa humu humu milimani. Utajiri wa mwana ulikuwa nguo, na kila doti iliyopanda kutoka Pangani ilidai kitu kishuke. Mwanzo kilishuka kipande cha pembe. Mwisho walishuka watu, na wengi wao hawakupanda tena.